Kipara Kando ya Geti

Ukitaka kumuudhi Mzee Timazi, mwambie kitu chochote ni "karibu sawa". Neno hilo kwake ni tusi. Alikuwa fundi mwashi maisha yake yote, na jina alipachikwa na mafundi wenzake kwa sababu timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haikumtoka mfukoni hata siku ya harusi yake. Alipostaafu, kuta zikamwishia, akaanza kupima watu. Jirani wa kushoto amepinda kidogo. Daktari wa meno amepinda sana. Mke wake alipimwa zamani, akapita kwa shida, na mpaka leo hajaambiwa alipungukiwa wapi.

Kitu pekee kilichonyooka hapa duniani, kwa maoni yake, kilikuwa ukoka wake. Aliuotesha mwenyewe baina ya baraza na geti, kingo akazipunguza kwa mkasi, na jamani, msicheke, alikuwa akilaza pima maji juu ya majani kuona kama yamelala sawa. Lakini kando ya geti palikuwa na kipara. Mvua zikinyesha kilijificha, mtu akadhani kimepona. Jua la kiangazi likianza kuchoma tu, hicho hapo, kikavu, rangi ya kadibodi, kinamkodolea macho kila anapofungua geti.

Mzee hakuwa mtu wa kukubali kwamba nyasi zinakauka tu. Lazima kuna mkosaji. Kwanza alimshika mbwa wa jirani. Jirani akamwambia, kwa upole mwingi, kwamba mbwa wake hajawahi kufunguliwa mnyororo, na kwamba hata angefunguliwa ana adabu ya kutokwenda kwa watu asikopendwa. Akaja kwa mkewe: maji ya sabuni.

"Maji ya kufulia nayamwaga nyuma ya nyumba tangu tuhamie hapa," mkewe akamjibu. "Mtaro ulichimba wewe. Au umeshasahau?"

Ndipo jicho likamwangukia mkwe. Mkwe huyu, mume wa binti yao kitinda mimba, alikuwa muuza miwani, mtu wa maneno machache, na alikuwa na gari la zamani lililokohoa kila linapozimwa. Kila Jumapili alilileta, akaliegesha ndani, kando ya geti, na kabla halijamaliza kukohoa mlango wa nyuma ulikuwa umeshafunguliwa, mjukuu ameshavua viatu, anakuja mbio juu ya ukoka mpaka mapajani kwa babu yake. Mzee Timazi alisubiri mbio zile wiki nzima. Ungemuuliza, angekwambia anasubiri gazeti la Jumapili.

Basi Jumapili moja, chakula kikiwa mezani na watu wote wamekaa, akatua kijiko.

"Hilo debe lako linavuja mafuta," akamwambia mkwe. "Umeniulia ukoka. Kuanzia leo lisiingie ndani ya geti langu. Na kama gari limekushinda, sijui mwanangu unamtunzaje."

Lo! Hata kijiko kiliona aibu. Mkwe alisimama, akasema, "Samahani, baba," akatoka nje. Binti akambeba mtoto, akachukua mkoba, na hakuaga. Tangu siku hiyo hawakurudi. Simu zilikuja kwa mama tu, na mama akizipokea alikwenda kuzungumzia chumbani.

Kwa hiyo gari likaondoka, na mzee akaanza tiba. Alimwagia maji saa sita mchana, jua likiwa utosini, akayaangalia yakifuka mvuke, akaridhika. Akaweka mbolea, akaongeza mbolea juu ya mbolea. Akapunguza majani machache yaliyobaki yakawa mafupi kama ndevu za juzi, eti yapate nguvu. Kipara kikapanuka.

"Gari lilishaondoka zamani," mkewe akasema. "Mbona kipara hakijapata habari?"

"Mafuta hukaa ardhini, mama. Wewe mambo haya huyaelewi."

"Sawa, siyaelewi. Mimi namtaka mwanangu. Nyasi zako sizitaki, namtaka mwanangu na mjukuu wangu, hapa, kwenye hivi viti."

Mzee akamwambia ukoka ukipona wataitwa. Alisema hivyo kana kwamba wao ndio ugonjwa na yeye ndiye daktari. Lakini Jumapili zikifika alikaa barazani na gazeti, na gazeti hakuligeuza ukurasa. Nyumba ilikuwa kimya mpaka inakera, na mtu wa kumlaumu kwa kimya hicho hakumpata.

Asubuhi moja mkewe alipokwenda sokoni, akaamua kuifukua ile ardhi yenye mafuta, aitupe, alete nyingine. Akashika jembe, akalipiga kwa hasira zote. Jembe likalia ng'aa, likamrudia, mikono ikafa ganzi mpaka kwenye viwiko. Akahama hatua, akapiga tena. Ng'aa. Akapiga magoti, akafagia udongo kwa kiganja. Udongo wenyewe ulikuwa kidogo tu, wa kufunika vidole, na chini yake palikuwa na zege.

Hakuhitaji kuuliza zege la nani. Kila fundi huujua mkono wake. Zamani, siku ya kumwaga jamvi, ile sakafu ya chini ya nyumba hii, walichanganyia zege hapo hapo chini, kando ya geti, na likabaki. Giza lilikuwa linaingia, vibarua wamechoka, na yeye, Mzee Timazi, aliyekuwa akiwafukuza kazi wanafunzi wake kwa kufukia mabaki, alilisawazisha kwa mwiko, akalifunika udongo, akasema, nani ataona? Nyasi ndizo zilizoona. Mizizi ilikuwa inashuka kidogo tu inagonga sakafu, na jua likipasha lile zege, majani yanachemka kutoka chini.

Na unajua kitu cha kwanza alichohisi? Fahari. Aligonga kwa ngumi, akasikiliza. Hakuna ufa hata mmoja! Fahari ilidumu kidogo tu, halafu akamkumbuka mkwe alivyosimama pale mezani, na uso ukamwaka moto, ingawa hapakuwa na mtu.

Akafanya kile ambacho fundi hodari hufanya: akashika koleo, akaanza kufukia.

"Fukia vizuri," sauti ikasema nyuma yake. Mkewe alikuwa amesimama getini na kikapu chake, sijui tangu lini. "Shindilia kabisa. Halafu na mimi nifukie, maana nimeshaona."

Koleo likamponyoka.

Kupiga simu kulimchukua mpaka jioni. Neno "samahani" lilikuwa kinywani lakini halikuwa limezoea njia. Mwishowe akasema, "Njoo uone kitu," akakata, akaketi akitokwa jasho.

Mkwe alikuja kesho yake, peke yake, kwa miguu.

"Gari liko wapi?"

"Nimeliacha kule dukani, baba. Ulisema lisiingie."

Mzee akamwonyesha shimo. Mkwe akainama, akalitazama lile zege kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zege zuri, baba," akasema.

Hakuwa anakejeli, na hilo ndilo lililouma. Mzee angefurahi kutukanwa. Mtu akikutukana, mnaanza kugombana, na katika ugomvi yeye ni bingwa.

"Na mafuta je?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Siku ile tulipofika nyumbani nililaza kadibodi chini ya gari, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa kavu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Baba mkwe wangu, mezani kwake, mbele ya mkewe na binti yake, nimwambie hajui anachosema?"

Mzee Timazi akatazama chini. "Nimekukosea," akasema. Alikuwa analiambia zege, lakini mkwe alisikia, na akalichukua neno hilo kama lake. Akakunja mikono ya shati, akaomba sururu.

Walilivunja siku mbili. Mkwe alipata malengelenge, mzee akapata kiuno. Wakatoa vifusi, wakajaza udongo wenye samadi iliyooza vizuri, wakapandikiza vipande vya ukoka kutoka ule upande mzima, wakavitundikia chandarua chakavu visiungue. Maji yakawa ya alfajiri tu, mengi, yashuke mpaka chini. Mkasi ulifichwa na mkewe, na mzee hakuthubutu kuuliza uko wapi. Taratibu, bila kushauriwa na mtu, kipara kikaanza kufunga.

Hatimaye Jumapili ikafika, na gari likakohoa ndani ya geti. Mzee alikuwa barazani na suruali yake nzuri, mikono ameshaifungua. Mkwe akashuka. Binti akashuka, akamsalimia baba yake, kwa adabu, kwa mbali. Mtoto akashuka wa mwisho na viatu vyake miguuni, akashika njia ya saruji inayozunguka pembeni, anatembea polepole, mguu baada ya mguu, asije akayumba.

"Njoo mama, pitia hapa!" babu akamwita. "Hapa ni karibu!"

Mtoto akasimama, akautazama ukoka, akamtazama babu.

"Sikanyagi," akasema. "Nikikanyaga utamfukuza baba tena."

Binti aligeuza uso. Mzee Timazi alishuka ngazi za baraza, akaenda mpaka pale kando ya geti, kwenye vipandikizi vilivyokuwa ndiyo kwanza vimeshika. Akapiga magoti juu yake, akalala chali, suruali nzuri na yote.

"Mzee, unaviua!" mkewe akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Acha vife," akasema, na mikono ilikuwa bado wazi kumwelekea mtoto. "Njoo, mama. Njoo ukanyage."

Mtoto alimtazama baba yake kwanza.