Viatu vya Matroni

Wasichana wa bweni walimwita matroni wetu Mama Viatu Nje. Ukiingia na viatu bwenini kwake, hata uwe mkaguzi, utatoka mbio. Mimi, mwalimu wao wa hesabu, niliwahi kuvuliwa viatu mlangoni mbele ya wanafunzi wangu, na soksi ina tundu.

Kisha usiku mmoja mto ulio karibu na shule ukafurika wasichana wamelala. Walitoka pekupeku gizani, wakikanyaga mabati na vioo. Mmoja wa kidato cha tatu, mcheshi ambaye darasa zima lilimtegemea kwa kicheko, alimbeba mdogo wake wa kidato cha kwanza mgongoni mpaka kioo kilipomchana mguu, akaanguka. Maji yakamchukua mdogo wake.

Shule ilipofunguliwa, mguu ulikuwa umepona. Kicheko hakikurudi. Matroni naye hakuitaja tena sheria yake, tukadhani amechoka.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya, ila anadhani huzuni nayo ina likizo yake, ikiisha imeisha. Asubuhi ya ukaguzi alifunua blanketi la yule msichana, akakuta shuka imejaa tope. Alikuwa analala na viatu.

"Funga mizigo," alisema. "Utarudi ukiwa sawa."

"Nyumbani mama haongei na mimi, mwalimu."

Msichana akaanza kukunja nguo zake. Matroni alimtazama mpaka begi likajaa, kisha akamgeukia mwalimu mkuu.

"Kabla hajaenda, kagua na kwangu."

Chumba chake kiko mwisho wa bweni. Tulimfuata, msichana nyuma yetu na begi lake. Matroni akafunua blanketi lake mwenyewe. Shuka ilikuwa na tope kuanzia katikati hadi miguuni.

"Tangu lini?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Tangu maji. Wale watoto walikanyaga vioo kwa sababu viatu vyao vilikuwa nje. Nani aliwaambia waviache nje?" Sauti ilimkatika. "Ukimfukuza huyu, anza na mimi."

Msichana aliitazama ile shuka.

"Mama," alisema, "nilidhani ni mimi tu."

Matroni akaketi kitandani akalia, na msichana akaketi pembeni yake. Nililia pia, sioni aibu kusema.

Mwalimu mkuu alilichukua lile begi, akalirudisha mwenyewe kwenye kitanda cha msichana. Alikuwa amesahau kuvua viatu, na hakuna aliyemwambia.