Mpira wa Petroli na Shati la Nahodha

Juzi, kwenye duka la vipuri pale Temeke, nilisimama kaunta nyuma ya nahodha mmoja na mkewe. Nahodha huvusha watu Kigamboni kwa boti ya injini, na alikuja kununua mpira mpya wa kupitishia petroli. Alikuwa ameshachagua wa kumwagilia bustani.

"Huu unatosha kabisa," alisema.

Mkewe aliukunja, akautikisia kichwa. "Huu wa maji, baba watoto. Petroli itaulainisha, uvuje kama ule wa zamani."

"Nani kakwambia ule unavuja?"

"Shati lako. Kila ukirudi nalinusa kabla sijalifua. Likinuka petroli, mie silali. Nawaza moto huko majini."

Mume alivua tarabushi lake, akaligeuzageuza mikononi. Kisha akamwambia mwenye duka taratibu, "Nipe wa mafuta, bwana. Na vibano vipya vya kuukazia."

Mlangoni mama alimnusa kola, akacheka.

Sisi wengine mashati yetu hunuswa kutafutwa uturi wa mwanamke mwingine. Nahodha yule hutafutwa petroli. Nilirudi nyumbani na wivu.