Mkono Ambao Sikupewa

Ukitaka kujua ukubwa wa mtu mahali, angalia lango lake. Langu lilichakaa kwa kusukumwa. Ng'ombe wa huyu ameingia shamba la yule, waje kwangu. Lori la majani limekwama matopeni, waje kwangu. Miaka mingi mke wangu alichemshia chai watu ambao hakuwaita. Siku hizi lango linaota kutu. Watu wale wale wanalipita wakienda kwa mwanamke mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na kituo cha kuuzia majani chai. Wakipita wananisalimia. Afadhali wangepita kimya.

Mimi shule nilifika darasa la pili nikatoka. Mama yangu alikuwa mchumaji kwenye mashamba ya kampuni, nami nikamfuata na kapu lililonizidi kimo. Kila nilicho nacho kimetoka kwa hii mikono. Nilipata shamba upande huu wa Boito likiwa vichaka vitupu, watu wakanicheka. Nikapanda chai. Wakaacha kucheka, wakaja kuomba miche. Barabara ya lori niliipigania mimi. Kituo cha majani kilipojengwa mwenyekiti nilikuwa mimi, na zile nguzo za mbele nilizisimamisha mwenyewe. Hakuna kibao kinachosema hivyo, kwa hivyo nasema.

Huyo mwanamke ameolewa na mtoto wa marehemu ndugu yangu. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma chai ya kampuni kama mama yangu. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto wako, basi huyo ni mke wa mwanangu. Si mtu baki. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Alianza na kalavati. Chini ya kituo lilikuwa limezibwa na matope, maji yakawa yanakata barabara, na akina mama wanapita hapo na makapu mgongoni wakizama mpaka magotini. Mimi nilikuwa nimepeleka habari kwa chifu, nikawa nangoja. Yeye hakupeleka habari popote. Siku ya kuuza majani lori lilichelewa, kama kawaida yake, na kilima chote kilikuwa kimekaa pale, maana huwezi kuacha majani yako ukaenda. Akasimama akasema, "Lori bado. Watu mko hapa. Shimo liko pale. Tunangoja nini, kalavati lijizibue?"

Watu wakacheka. Halafu mmoja akaenda kuleta jembe. Lori lilipofika, maji yalikuwa yanapita chini kama yalivyotakiwa.

Nilitazama hayo yote nikiwa nimekaa. Sikushika jembe. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: mimi nimeita watu mikutano nyumbani kwangu miaka yote hiyo, nikiwapa chai na kuwangoja waje mmoja mmoja, na kumbe kila siku ya majani wako mahali pamoja, mikono mitupu, hawana pa kwenda. Hilo wazo lilipaswa kuwa langu. Kituo ni changu!

Baada ya kalavati ikaja taa ya kona. Baada ya taa, ile nyumba ya chang'aa kwenye njia ya watoto ikafungwa. Alikuwa anaenda ofisi za kaunti na gambuti zake zikiwa na matope, anaketi kwenye benchi mpaka wakubwa watoke wenyewe kumuuliza anataka nini. Watu wakaanza kusema, "Muulizeni Mama." Mama! Mimi nina wajukuu wanaokaribia umri wake.

Lakini hayo ningeyameza. Lililonikaa kooni ni mkono. Huyo mwanamke alisalimia kila mtu. Chifu, dereva wa lori, hata walevi aliowafungia nyumba yao, wote aliwapa mkono. Mimi, hapana. Akiniona nakuja kwenye njia, anaingia katikati ya michai, anageuza uso, anangoja nipite. Nikifika kituoni anahamia upande mwingine. Hakuwahi kuniangalia machoni wala kukanyaga kwangu. Nikajiambia, huyu ananiona takataka. Amechukua watu wangu na sasa hataki hata kunitazama.

Ndipo likaja jambo la nasari. Watoto wetu wadogo hawakuwa na darasa karibu. Ilibidi washuke bondeni, wavuke mto juu ya gogo, halafu watembee kando ya barabara ya malori. Wazazi wengine walikuwa wanawaweka nyumbani mpaka wakomae, na wakifika darasa la kwanza wanakuta wenzao wanasoma na wao hawajui kushika kalamu. Mimi hilo nalijua kwa mwili wangu. Kaunti ikakubali kujenga, ila kilima kitoe kiwanja. Kisipotoa, darasa linapelekwa upande wa pili wa mto, na watoto wetu waendelee na gogo lao.

Kilima chetu kimeinama chote. Kipande kilicho tambarare kando ya kituo ni kimoja, na ni changu. Kila mtu alijua. Yeye pia alijua.

Basi nikamngoja. Sitaficha. Nilivaa shati safi jioni baada ya jioni, nikaketi mahali pa kuonekana kutoka langoni. Nilitaka aje aombe. Ningemzungusha kidogo, halafu ningempa, na kilima kingejua nani ametoa. Hakuja. Nikasikia ameomba kwa kanisa, ameomba kwa jirani wa juu ambaye shamba lake ni kama ukuta wa nyumba. Kwangu kimya. Nikaenda kuagiza miche ya chai nijaze kile kiwanja.

Siku ya majani iliyofuata akasimama tena kituoni. Akasema kiwanja hakijapatikana na watu wa kaunti wamechoka kungoja, wiki ijayo wanapeleka darasa ng'ambo. Watu wote wakanigeukia mimi. Yeye peke yake akatazama upande ambao lori lingetokea.

Jirani yangu mmoja, mtu wa mdomo, akasema kwa sauti, "Mwenyekiti, miche yako itasoma nasari gani?"

Kicheko kikapita. Nikasema, "Mwenye shida ana miguu. Kwangu kuna lango."

Mwanamke akageuka, lakini si kwangu. Akamwambia mke wangu, aliyekuwa kando yangu, "Mama, nimesikia."

Hapo nikachemka. "Na mimi ni nini hapa? Ni nguzo? Unaongea na watu wote, mimi unanipita kama mbwa aliyelala njiani!"

Aliinamisha kichwa mpaka kitambaa kikafunika uso. Mimi nikazoa majani yangu yaliyokuwa yametandazwa, nikayashindilia ndani ya gunia, nikayakalia, nikafunga mikono. Hata mtoto wa chai anajua majani hayashindiliwi. Yakikosa hewa yanapata joto na kuwa mekundu. Karani alipofungua gunia langu aliingiza mkono, akautoa haraka, akatikisa kichwa. Majani ya mtu wa kwanza kupanda chai kilimani yakarudishwa.

"Mwenyekiti leo ameatamia," yule jirani akasema. "Tungojeni vifaranga."

Tulirudi nyumbani, mke wangu mbele, mimi nyuma na gunia langu bovu. Katikati ya njia akasimama.

"Baba watoto, unajua kwa nini yule msichana hakusalimii?"

"Kiburi."

"Wewe ni baba mkwe wake. Kwao Kisii mke wa mtoto hampi mkono baba mkwe, hamtazami usoni, haingii nyumba yake. Wanaita chinsoni. Anayevunja ndiye amekudharau. Wote anawasalimia kwa sababu si wakwe zake. Wewe ndiye mkubwa wake."

"Na nani amekuambia?"

"Mama yake, siku tulipopeleka ng'ombe wa mahari. Wewe hukwenda. Ulisema ng'ombe ni wa ndugu yako, waende na ndugu yako."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Umewahi kuniuliza kitu?"

Tukaendelea kutembea. Ningependa kusema moyo ulilainika pale pale, lakini haukulainika. Kwanza nilikasirika kwamba ameniheshimu bila kunijulisha. Heshima gani hiyo ambayo mtu anapewa na haoni? Halafu nikawaza, kilima chote anakipa mkono, mkono ambao yeyote anaupata. Mimi peke yangu ninapishwa njia. Hilo nililitafuna mpaka nyumbani, na ladha yake haikuwa mbaya.

Kabla ile wiki haijaisha nilifika kituoni mapema. Yeye akaja, akaona niko, akageuza uso. Nikamwita mke wangu akae katikati yetu. Watu wakasogea kusikiliza.

"Muulize mke wa mtoto wangu," nikasema, "ana neno?"

"Anauliza una neno," mke wangu akamwambia, na yule alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu.

"Mama, mwambie baba kwamba watoto wanavuka gogo. Mwambie kiwanja chake ni kizuri, na mimi sina mdomo wa kukiomba."

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie nakitoa. Lakini mlango utazame lango langu."

Watu wakapiga makofi. Nilidhani yameisha. Mwanamke akasema, bado ananipa mgongo, "Mama, mwambie baba asante sana. Ila upande huo ndio mvua ya mawe inatokea kila alasiri. Watoto watapigwa darasani."

Jirani yangu akashika tumbo. "Mpeni mzee mwavuli!"

Ilikuwa kweli, na mvua ya kilima hiki mimi ndiye niliyeijua kabla yake. Ilinikera kwamba amesema kwanza. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mlango uende upande wa pili. Lakini dirisha moja litazame kwangu."

"Anasema yawe mawili, baba," sauti ikatoka nyuma ya kile kitambaa. Hakungoja mke wangu apeleke neno.

Darasa likajengwa. Siku ya kufungua, akina mama walimvisha yeye ule mmea wa kutambaa tunaovisha mtu aliyeshinda, sinendet, shingoni mara mbili. Mkubwa wa kaunti alimtaja, akamtaja tena. Mimi nilitajwa kama "mzee mmoja wa hapa." Nilikunywa mursik yangu, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, mpaka yakaisha. Mpaka leo wanaita Nasari ya Mama. Kiwanja ni changu, nguzo za kituo ni zangu, na jina ni lake. Inaniuma. Nikisikia watoto wakiimba kupitia yale madirisha mawili, inaniuma na bado sitoki nilipoketi.

Juzi mtaro wa kando ya darasa uliziba. Nikajua akiuona atauzibua, na watu watasema Mama, Mama. Nikaamka kabla ya ukungu kupanda, nikabeba jembe. Nilipofika, yeye alikuwa tayari upande wa juu, ameshaanza. Akasikia viatu vyangu. Akageuka, akanipa mgongo, akaendelea kuchimba.

Mimi nikaanza upande wa chini, nami nikampa mgongo wangu. Tulichimba hivyo mpaka watoto wakaanza kufika.

Nilimaliza kwanza. Upande wake ulikuwa na mawe zaidi, lakini hilo sijamwambia mtu.