Mgomba wa Rubani

Juzi niliona kwenye simu picha ya ndege ya vita iliyofukuliwa jangwani, nikanusa tena udongo mbichi wa Anoka, mji wa ughaibuni tulikoishi nilipokuwa mtoto. Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee ambaye kaka yake, rubani, alipotea na wenzake wote katika ndege kama hiyo.

"Mlizika nini?" Mama alimuuliza.

"Hatukupata chochote."

"Kwetu tungezika mgomba badala ya mwili wake."

Alasiri hiyo waliukata mgomba wa bibi uliokuwa kwenye chungu, wakaufukia nyuma ya nyumba. Mama aliimba polepole, bibi akalia. Mimi nilichanganyikiwa, nilidhani wanampanda huyo kaka ili aote tena. Basi kila nilipoenda huko nilimwagilia maji. Bibi alikuwa akinitazama dirishani, na hakunikataza hata siku moja.