Sahani Kumi na Moja za Dada

Naweka dau: hakuna hata mmoja wenu atakayeamini hili. Akitokea wa kuamini, nitamwekea vigae bafuni bure, na mnajua mimi si mtu wa bure. Mji huu hauna fundi wa vigae anayenifikia. Shule niliiacha darasa la sita, niwapishe wenye shida ya kuelewa mambo.

Sasa, dada yangu mkubwa. Huyu ni mshona mapazia. Utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake hata akienda msibani. Ukisimama mlangoni tu, ameshajua upana wako. Mama alipofariki, Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, na sisi wadogo zake wanne tunamfuata nyuma kama mkia. Alitulea kwa cherehani moja na ukali wa kutosha jeshi zima. Tulihama nyumba mara tatu. Vitanda vilipanda lori, sisi tukapanda juu ya vitanda, na sahani za Mama zikapanda mapajani mwa Dada, zimeviringishwa kwenye magauni yake. Kila shimo dereva anaambiwa, "Taratibu, baba, nimebeba watu."

Ni sahani za udongo mweupe, zenye maua madogo ya bluu na ukingo wa dhahabu. Zilikuwa kumi na mbili, zikabaki kumi na moja. Ile moja ilivunjika kabla sijajua kutambaa, kwa hiyo msinitazame mimi. Mwaka mzima zinakaa kwenye kabati la vioo, zinatoka siku ya sikukuu tu, mchana, tukikusanyika kwa Dada. Anaunganisha meza mbili, anatandika kitambaa cha pazia kilichobaki kwenye kazi ya mteja, halafu anagawa sahani kwa kufuata nani alitangulia kuingia kwenye familia.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, hesabu imetulia. Mara nikaoa.

Mke wangu ni muuguzi, anachoma watoto sindano. Yeye ndiye aliyekuja mwisho, akapewa sahani ya plastiki, ya kijani, ina picha ya bata. Sikukuu ya kwanza akacheka. Ya pili akatabasamu. Kufikia ya sita, bata ameshafutika kichwa na mke wangu ameshaacha kutabasamu.

"Nakwambia mapema," akasema mwaka huu. "Wifi akiniwekea bata tena, nanyanyuka, naondoka, na pale sirudi. Sikukuu zako utakula na dada yako, mimi nitakula kwetu."

Alisema kwa sauti ya chini, ile ya kumwambia mtoto hakuna maumivu. Nikajua hapa sindano inakuja.

Haya, mkali wenu nikaingia kazini. Miezi minne nikazunguka kwa wauza vyombo vya mitumba mpaka nikapata sahani, ukubwa ule ule, maua karibu yale yale. Ilikosa ukingo wa dhahabu tu. Nikachukua rangi ya dhahabu ninayopambia vigae vya bafuni, nikazungusha mstari kwa mkono mmoja bila kutetemeka. Ungeiona ungenivulia kofia. Siku moja kabla ya sikukuu, Dada akiwa kwa mteja kupima madirisha, nikachukua ufunguo kwenye kopo la vifungo, nikaichomeka katikati ya zile nyingine.

Siku yenyewe ikafika. Mke wangu amekaa mwisho wa meza, mkoba mapajani, viatu hajavua. Dada anatoa sahani, anahesabu kwa sauti kama kawaida yake.

"Kumi. Kumi na moja." Mkono ukarudi kabatini kufunga, ukagusa kitu. "Kumi na mbili?"

Shingo zote zikageukia kabati.

"Hesabu tena," akasema mume wake, fundi saa, mtu wa maneno matatu kwa siku.

Akahesabu tena. Kumi na mbili.

"Labda zimezaa," akasema kaka yangu. Watu wakaangua kicheko, Dada hakucheka. Akaanza kupitisha kidole gumba kwenye kingo, moja baada ya moja, mpaka akafika kwenye yangu.

"Hii inang'aa mno."

"Si umeiosha vizuri, Dada?" nikasema.

"Za Mama zimelika dhahabu upande mmoja, pale alipokuwa akizishika kuosha. Hii Mama hajawahi kuishika." Akanigeukia. "Fundi, nyoosha mikono."

Mtu mzima, nina mvi, nikanyoosha. Dhahabu imejaa chini ya kucha.

"Umefungua kabati langu?"

"Nimefungua."

"Kwa nini?"

Mke wangu ndiye aliyesimama.

"Wifi, miaka sita nimekula kwenye bata. Kama na leo ni bata, niambie nijiondokee."

"Mbona hukusema?"

"Mgeni anaanzaje kusema?"

"Mgeni nani?" Dada akafoka. "Mgeni nani humu ndani? Kaa chini!"

Akaja upande wangu, akanyakua sahani ya Mama iliyokuwa mbele yangu, ile niliyolia chakula tangu utotoni. Akaifuta kwa pindo la gauni, wakati ilikuwa safi, akaiweka mbele ya mke wangu. Kazi yangu ya mikono akaniletea mwenyewe. Mke wangu akaushusha mkoba sakafuni, akavua viatu.

Basi mchuzi wa moto ukamwagwa, na dhahabu yangu ikaanza kuogelea. Nilikula hivyo hivyo, kwa kiburi.

"Hebu cheka tuuone utajiri," kaka akasema. Nikacheka, meno yanang'aa. Dada alicheka mpaka utepe ukatumbukia kwenye mchuzi.

Tukirudi nyumbani, mke wangu akaniuliza, "Hiyo sahani uliitafuta miezi minne?"

"Minne kamili."

"Na yako ilikuwa mbele yako miaka yote sita."

Hapo sina ubishi. Nilikosea. Ningempa yangu sikukuu ya kwanza kabisa, nikala mimi kwenye bata. Sikulifikiria hata siku moja.