Siku Niliyopuliza Maji ya Chokaa

Mwalimu wetu wa kemia, katika shule ya bweni ya wasichana karibu na Bungoma, alikuwa na koti jeupe la maabara alilolivaa hata kanisani. Miaka ya elfu mbili ndiyo ilikuwa inaanza, naye alikuwa akikitafuta sana cheo cha mkaguzi. Aliposikia wakubwa wa ofisi ya elimu watatutembelea, alitangaza kwamba wataona jaribio.

Nilichaguliwa mimi, wa kidato cha tatu, kwa sababu, alisema, watu wa Kitale wana mapafu makubwa. Kazi yangu ilikuwa kupuliza kwa mrija ndani ya chupa ya maji ya chokaa. Pumzi yetu ina kaboni dioksidi. Ikikutana na chokaa, maji yanakuwa meupe kama maziwa. Wageni wangepiga makofi, kisha wangekula kuku.

“Usiache mpaka nikuambie,” alininong'oneza.

Nikapuliza. Maji yakawa meupe vizuri kabisa. Ila mkubwa wa wageni alikuwa amesimama kusalimia: kwanza Mungu, kisha serikali, kisha kila aliyekaa viti vya mbele. Hakuna aliyeangalia chupa, wala aliyeniambia niache. Kichwa kikaanza kunizunguka. Weupe nao ukaanza kupungua, ukapungua, hadi maji yakawa safi tena kama ya mvua.

“Na sasa,” mwalimu akasema kwa sauti kubwa, akinyoosha mkono bila kutazama, “mnaona maziwa!”

Wageni wakanyoosha shingo.

“Maziwa gani, mwalimu?” mkubwa akauliza.

Mwalimu akanigeukia. “Wewe! Umeyanywa?”

Darasa likaangua kicheko. Mkubwa akamwokoa. “Ni hii hewa ya huku, bana. Ni nyepesi sana.” Wenzake wakatikisa vichwa kama watu wanaoelewa, mmoja hata akaandika. Wakaenda kwa kuku. Mimi nikaosha vyombo vyote vya maabara, kwa kosa la kuharibu sayansi.

Likizo ilipofika nilirudi kwetu Tuwan, mtaa wa Kitale, nikaingia maktaba ya mjini nikiwa bado na hasira. Kitabu kikanieleza: ule weupe ni unga wa chokaa. Ukizidi kupuliza, maji yanapata tindikali kidogo, na tindikali hiyo inauyeyusha. Ukiyachemsha, hewa inatoka na weupe unarudi. Jarida moja kuukuu likaongeza kwamba bahari nayo inameza kaboni dioksidi ya moshi wetu, inapata tindikali hiyo hiyo, na konokono wake wanapata taabu kujenga magamba. Nikacheka peke yangu mle ndani. Kumbe niliwaonyesha wakubwa shida ya bahari nzima, nao wakawahi mapaja ya kuku.

Shule ilipofunguliwa nilimwomba mwalimu dakika chache. Nikapuliza mpaka maji yakawa meupe, nikaendelea mpaka yakawa safi, kisha nikayaweka motoni. Weupe ukarudi mbele ya macho yake. Akauliza:

“Hii iko kwa mtihani?”

“Haiko, mwalimu.”

“Basi haijatokea. Mwaga.”

Nikamwaga.

Cheo alikipata, akazunguka wilaya akikagua maabara za wenzake. Mimi niliishia kusomea kemia chuoni. Alipokutana na mama yangu sokoni Kitale, alimwambia kwamba msingi huo aliniwekea yeye. Mama, kwa adabu zake zote, akamshukuru.