Waranti Haijumuishi Mafuta ya Upako

Hapa mjini Kumasi, kila Jumamosi ni matanga, na kila matanga yana kijitabu chake: picha ya marehemu, habari za maisha yake, orodha ya wafiwa. Vijitabu vingi vya mtaa wetu wa Asafo vilitoka kwenye kibanda cha Maame Boahemaa. Alianza na taipureta kando ya barabara. Mumewe alimkimbia, naye akalea mabinti watatu kwa kuandika habari za wafu wa watu wengine. Ukoo ukigombania jina la nani litangulie, yeye ndiye aliyewanyamazisha. "Mkitaka kupigana nendeni nje," aliwaambia. "Hapa mtanichafulia karatasi."

Nayasema haya kwa sababu karatasi niliyomwandikia mimi haina hata moja ya hayo. Inamwita "mteja", basi. Naichukia karatasi hiyo, na mkono ulioiandika ni huu wangu.

Mwaka juzi aliuza shamba la kakao aliloachiwa na mama yake, akanunua mashine mpya ya kuchapa rangi kwenye duka ambako mimi ni fundi. Waranti yake mwaka mmoja. Mwezi wa saba tangu ainunue, ikazima. Akaileta Jumatatu kwa teksi, ameifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Jumamosi ile alikuwa na matanga mawili, na mchapaji wa ng'ambo ya barabara alishaanza kumnyang'anya wateja. Bila mashine ile hakuwa na kibanda.

"Atakora mwanangu, nitazamie mgonjwa wangu," alisema. "Asikutishe, ana waranti yake huyu."

"Kuna fundi mwingine aliyeifungua, Maame?"

"Aiguse nani? Mimi mwenyewe naipangusa kwa adabu!"

Nikaifungua mbele yake. Kule chini, kwenye sehemu inayopokea umeme, kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba. Nilishaziona zimevimba vivyo hivyo kwenye mashine nne za shehena ile ile. Kosa la kiwandani, halina mjadala. Nilipokuwa nafunga ndipo nikaona alama ya mafuta juu ya kifuniko, msalaba uliochorwa kwa kidole gumba.

"Na hii nini?"

Akacheka. "Upako huo! Mashine ya shamba la mama yangu niiwashe hivi hivi, kama redio? Nilimwita Mchungaji siku ile ile."

Sikushangaa. Kwetu hapa gari hupakwa, jokofu hupakwa, hata blenda. Duka letu lenyewe lilipakwa mafuta mlangoni siku ya kufunguliwa, na aliyemshikia mchungaji chupa ni meneja wetu, Bwana Dwomoh.

Huyo huyo Dwomoh akaja, akapitisha kidole juu ya kifuniko, akakinusa. Uso wake uling'aa kwa furaha.

"Kimiminika," alisema. "Kifungu cha tisa. Waranti haijumuishi kimiminika."

"Bosi, mafuta yako juu huku. Kilichokufa kiko chini kabisa, hakikuguswa hata na tone."

"Nimekuuliza yamefika wapi? Nakuuliza, ni kimiminika au si kimiminika?"

"Ni kimiminika."

"Basi andika. Zile nne ulizotengeneza bure, makao makuu wamenipigia kelele mpaka masikio yanauma. Ukitaka kugawa sadaka, kafungue kanisa lako."

Nilitaka kumtemea mate. Badala yake nikashika kalamu. Nilikuwa na mke, nilikuwa na watoto. Kila mwoga ana sababu zake, na zote zinanuka. Nikaandika kwamba hitilafu imesababishwa na kimiminika kilichotiwa na mteja. Nikatia sahihi.

Maame aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, jinsi alivyozoea kusaka makosa kwenye majina ya wafu. Kisha akaniuliza mimi, si Dwomoh: "Kwa hiyo mafuta ndiyo yaliyoiua?"

Dwomoh alikuwa anasafisha kucha.

"Ndiyo, Maame," nikasema. "Ni mafuta."

Hakupiga kelele. Nasikia alizipigia kanisani, akamwambia Mchungaji mbele ya watu kwamba ameua shamba la mama yake, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena pale. Hela ya matengenezo hakuwa nayo; kibanda kilifungwa kabla ya mwezi kwisha. Sasa ameajiriwa na yule yule wa ng'ambo ya barabara, kukunja na kubana vijitabu.

Wiki iliyopita nilipeleka picha ya mjomba wangu marehemu ichapwe kwa mchapaji huyo. Nilipomwona Maame nilitaka kurudi, lakini alishaniona.

"Mpisheni huyu, ahudumiwe kwanza," aliwaambia waliopanga foleni. "Nilipoharibikiwa, kila mtu alinipaka maneno matamu. Huyu peke yake ndiye aliyeniambia ukweli."

Watu wakanipisha. Nami nikapita mbele.